Tomi, Bi Mkubwa na barabara ya Njombe

Jumapili, Tabata, Dar es Salaam

Fuso limeshatangulia na vitanda, makabati na masufuria. Tumebaki mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye ndiye dereva, mbwa mmoja na paka mmoja. Mume wangu alihamishiwa Njombe tangu mwezi wa tatu, na kila akipiga simu swali ni lile lile: Tomi utamleta vipi? Majirani nao, Tomi. Hata shangazi yangu wa Tanga, ambaye maisha yake yote hajamwita mbwa kwa jina, aliuliza Tomi atakaa sehemu gani ya gari. Habari za Bi Mkubwa hakuna aliyeuliza. Paka si unamtia kwenye boksi tu?

Mimi naona kinyume chake. Mbwa hufuata watu, paka hufuata nyumba. Tomi ukimtoa Tabata ukampeleka popote, maadamu sisi tupo, yeye yuko kwao. Kwao Bi Mkubwa ni ukuta wa nyuma, bati la jirani, mwembe, na njia yake ya alfajiri ambayo hajui mtu inaishia wapi. Akichomoka Chalinze au Mikumi hatanifuata kwa sababu eti nilimlea. Atatafuta pa kujificha, na gari litaondoka bila yeye. Kwa hiyo maandalizi yangu mengi yalikuwa ya paka.

Kizimba chake amekitengeneza fundi seremala wa mtaani kwetu: mbao nyepesi, wavu wa kuku pande mbili, komeo la nje. Kipimo nilichompa ni paka asimame, ageuke, ajinyooshe, basi. Boksi la karatasi nililikataa, maana paka akilikojolea linalainika, na likilainika ana njia. Kizimba kimekaa sebuleni mlango wazi tangu mwezi uliopita, ndani nimetandika kanga yangu ambayo haijafuliwa. Mwanzoni alikizunguka kwa dharau. Nikahamishia bakuli lake humo. Ikafika siku nikamkuta kalala ndani mchana kutwa, ndipo nikaanza kufunga mlango kwa dakika chache, kisha kumweka garini injini ikiwa imezimwa, kisha kumzungusha mpaka Segerea na kurudi. Mdogo wangu alisema ninampa paka leseni.

Kitu kingine ambacho watu hukisahau ni mchanga. Paka wa uswahilini hajui choo cha plastiki wala ule mchanga wa dukani. Anajua mchanga wa uani. Nimejaza ndoo mbili kutoka pale pale anapofukua kila siku, nikazifunika, na beseni la kumwagia nimelipata.

Tomi alikuwa mwepesi. Chanjo ya kichaa cha mbwa anapata kila mwaka kwa afisa mifugo wa kata, na safari hii nilimpeleka na Bi Mkubwa, kwa sababu paka naye anaambukizwa na anaambukiza. Tulichanja mapema makusudi. Kinga haijengeki siku ile ile ya sindano, inataka kama wiki tatu. Kwa afisa huyo huyo ndiko nilikoelekezwa utaratibu wa kibali cha kusafirisha mnyama kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Kadi za chanjo na kibali nimezitia kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na picha ya kila mmoja. Ya Bi Mkubwa nimempiga upande wa kushoto, kwenye baka jeusi, ndiyo alama yake.

Kuna kondakta mmoja nilimwuliza mwezi uliopita kama basi linachukua mbwa. Akaniambia buti lina nafasi, sawa na kuku. Hapo ndipo tulipoamua kuazima Noah ya binamu.

Jumatano, Dar mpaka Morogoro

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri ili Kimara na Mbezi zitupite kabla ya foleni, na jua la Chalinze litukute tumeshapita. Wote wawili walikula mara ya mwisho jana jioni. Mnyama mwenye tumbo tupu hatapiki sana, na akitapika si balaa. Maji wamepata kidogo kidogo.

Viti vya nyuma tumevilaza, tukatandika turubai, juu yake godoro chakavu. Tomi amevaa mkanda wa kifuani, si wa shingoni, nao umefungwa kwenye mkanda wa kiti. Gari likifunga breki ghafla, mbwa wa kilo ishirini na kitu aliyeachwa huru anarushwa mbele na kumwumiza dereva. Kizimba kimekaa nyuma ya kiti cha dereva, kimebanwa kisicheze, nimekifunika shuka pande tatu. Paka asiyeona miti ikikimbia hutulia mapema zaidi.

Mapema kwa kipimo chake, lakini. Alianza kulia Ubungo, na mpaka Kibaha hajapumua. Siyo mlio wa njaa, ni ule mzito wa kutoka tumboni. "Dada, huyu anatutukana," mdogo wangu akasema. Nikamwambia azime redio. Baada ya Mlandizi akanyamaza, nikachungulia: amejikunja juu ya kanga, macho wazi, mdomo umefungwa. Mdomo ndio nilioutazama. Mbwa kuhema ulimi nje ni kawaida yake, ndivyo anavyojipoza, kwa kuwa jasho lake dogo hutokea kwenye nyayo tu. Paka akihema mdomo wazi ni hatari, ni joto au hofu iliyopita kiasi, na gari lazima lisimame.

Chalinze tulisimama kunywa supu, kwa zamu. Mmoja anakula, mwingine yuko na wanyama kivulini, milango wazi, Tomi kafungwa kamba. Wenye gari la jirani walitushangaa, kwa nini msifunge mkaenda wote, acheni dirisha wazi kidogo. Nje ikiwa nyuzi thelathini, ndani ya gari lililofungwa juani hupita arobaini katika dakika kumi hadi ishirini, na ule upenyo wa dirisha haubadilishi sana. Ni muda wa kungoja chapati ya pili.

Hapo hapo kulikuwa na pikapu iliyobeba magunia, na juu ya magunia mbwa amefungwa mnyororo, jua la saa tatu limeshampata. Ulimi umepauka, udenda mzito. Dereva wake hakuwa mkatili, hakujua tu. Alipoambiwa alimshusha, tukammwagia maji tumboni na kwenye nyayo, na mdogo wangu akampepea kwa boksi. Maji ya kawaida yanatosha. Hakuna haja ya kukimbilia barafu. Alipoanza kunywa mwenyewe tukawaacha.

Morogoro tumefika kabla ya adhuhuri, kama kilomita 190 kutoka Dar, na hapa ndipo Tomi alipotuonesha shida yake ni nini. Shida yake ni watu. Nyumba ya wageni ya kwanza nilipiga simu tangu Dar wakasema hamna tatizo, tulipofika ikawa bei mara tatu. Ya pili mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, kakaa barazani na tasbihi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akatazama gari. "Paka mlete. Huyo mwingine, hapana. Wateja wangu wanasali humo."

Sikubishana. Mimi mwenyewe nimelelewa Tanga, na mate ya mbwa najua hukumu yake: chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwangu Tomi hajawahi kuvuka kizingiti. Ni mlinzi, analala uani, bakuli lake halichanganyiki na vyombo vya nyumba. Nilimweleza hivyo hivyo, nikamwuliza kama uani hakuna kona. Lilikuwapo banda la mbuzi ambalo mbuzi wake waliuzwa wakati wa Idi, lina paa na kufuli. Sharti lake moja: bakuli tuje nalo, na asubuhi tusafishe sakafu. Bakuli tulikuwa nalo. Saa mbili usiku, baada ya isha, alitoka akaniuliza kama mbwa amekula.

Alikula ugali wa dona na dagaa, ule ule wa Tabata, niliousonga jana nikaukata vipande. Safarini si mahali pa kumwonjesha mbwa chipsi kuku. Tumbo lililozoea kitu kimoja likibadilishiwa ghafla linaharisha, na kuharisha ndani ya Noah mnaharisha wote.

Alhamisi, Morogoro

Tulipanga kuondoka asubuhi, Bi Mkubwa akapangua. Beseni la mchanga lilikuwa kavu. Tangu jana alfajiri hajakojoa, hajala, yuko chini ya kitanda kajibana ukutani.

Paka mwenye hofu anaweza kubana mkojo siku nzima na zaidi. Kwa jike bado mtu anaweza kusubiri kidogo. Angekuwa dume anayechuchumaa akikamua bila kutoa kitu, nisingesubiri hata saa moja, kwa kuwa njia ya mkojo ya dume ni nyembamba na ikiziba humwua. Ila sikutaka kuvuka Mikumi na wasiwasi huo. Morogoro ina bahati, Chuo Kikuu cha Sokoine kina ndaki ya tiba ya wanyama na hospitali yake. Tukampeleka.

Daktari alimpapasa tumbo, akasema kibofu kimejaa lakini si kigumu, hana homa. Joto la paka au mbwa mzima huchezea nyuzi 38 hadi 39, mtu asiyejua akipima hudhani anaumwa. Dawa aliyotoa ni chumba kidogo, giza, kimya, mchanga wake, na sisi tutoke. Nikamwuliza kuhusu vidonge vya kumlaza, maana jana kijana wa duka la dawa alinishauri nimpe nusu kidonge cha mafua. Akakunja uso. Mnyama aliyeleweshwa hupoteza mhimili na mwili hushindwa kurekebisha joto lake, na ikilazimu apewe kitu, mganga wa mifugo ndiye anayepima na kuandika. Akaongeza la parasetamo: kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumwua paka. Hilo nalijua nyumba nyingi hazilijui.

Tukamfungia kwenye bafu la mama mwenye nyumba, beseni pembeni, kanga, taa imezimwa. Tukaenda kutembea.

Kilichonichekesha mchana huo ni kwamba mji huu tuliokuja kumtuliza paka ndio mji wa panya wasomi. Shirika la APOPO liko hapa, kwenye eneo la chuo cha Sokoine, na kazi yake ni kufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya hufundishwa kwa mlio na kipande cha ndizi au karanga, mpaka akinusa baruti anakwaruza ardhi. Ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa uzito wake. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la tiba ya wanyama la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022 akiwa amestaafu. Nilimsimulia Bi Mkubwa tuliporudi, ili ajue wenzie wanaotafuta riziki wanafanya nini.

Beseni lilikuwa limelowa, mchanga umefukiwa vizuri. Mdogo wangu alipiga makofi.

Ijumaa, Morogoro mpaka Iringa

Hii ndiyo siku ndefu, kilomita zaidi ya mia tatu. Tulimuaga mama mwenye nyumba, naye akatufungia vitumbua.

Kabla ya geti la Mikumi tulisimama kumtembeza Tomi, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna kushuka. Barabara kuu ya Zambia inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita kama hamsini. Hapo mnyama wa nyumbani ni abiria wa kupita tu, hana ruhusa ya kukanyaga chini. Madirisha yote juu. Sababu ya kwanza ni nyani, waliozoea kutupiwa ndizi na malori, na ambao mbwa wa Tabata hawawezi hata awe na sauti gani. Sababu ya pili ni ndogo zaidi na mimi naiogopa zaidi: mbung'o. Vimelea anavyobeba, vinavyoleta ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe, humpata mbwa pia, na mbwa haviwezi. Homa, matezi, macho kufanya ukungu wa bluu, na asipotibiwa mapema hufa. Mbung'o mmoja alituingilia kwa mlango wa nyuma wakati wa kufunga, nikamwua kwa kandambili baada ya kumfukuza mpaka nilipotoka jasho.

Twiga tuliwaona, na tembo watatu mbali. Tomi hakubweka. Alisimama, manyoya ya mgongoni yamesimama naye, akinusa kwenye upenyo wa kioo kitu ambacho pua yake haijawahi kukutana nacho, kisha akalala akaweka kichwa juu ya paja langu. Matuta ya barabarani ndiyo yaliyomsumbua Bi Mkubwa, kila tuta mlio mmoja. Mdogo wangu akawa anayapanda kwa adabu.

Ruaha Mbuyuni ni joto na vitunguu. Bonde lote ni mibuyu, na kila gari likisimama vikapu vya vitunguu vinaingia dirishani. Tulinunua viwili, nikavifungia kwenye buti mbali na mbwa. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na za paka ndiyo zaidi. Ndiyo maana rojo la pilau na mabaki ya mchuzi wetu si chakula chao, hata kama kwa miaka wamekula "bila shida". Kijana mmoja wa kibanda cha nyama alitaka kumrushia Tomi mfupa wa kuku wa kuchoma. Nilimshukuru, nikaukataa. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Kisha Kitonga. Mlima huu hauna haja ya maelezo kwa aliyeupanda nyuma ya lori la shaba. Kona juu ya kona, gia ya kwanza, harufu ya breki. Tomi akaanza kumeza mate, kisha kulamba midomo, kisha udenda. Dalili hizo ukizijua unapata muda wa kusogeza gazeti. Alitapika povu, akajisikia vizuri. Bi Mkubwa, ambaye nilimwandalia yote, alikuwa kimya kabisa.

Juu ya Kitonga hewa inabadilika ghafla, na Iringa tumeingia jioni tukitafuta masweta. Hapa tulikuta nyumba yenye uzio na mlinzi aliyewajua mbwa, akamfungulia Tomi nafasi kando ya kibanda chake. Kazi ikawa chumba cha paka. Chumba cha kwanza nilikikataa: vioo vya luva, viwili havipo, hakuna wavu. Mhudumu akanitazama kama ninaringa. Cha pili kilikuwa na dirisha zima, lakini bafuni kifuniko cha dari kilikuwa kimelegea, tukakibana. Pengo la chini ya mlango nikaziba kwa taulo. Ndipo nikafungua kizimba.

Jumamosi, Iringa mpaka Njombe

Saa kumi na mbili asubuhi paka hayupo.

Mlango umefungwa. Taulo lipo mahali pake. Dari imebana. Chini ya kitanda hamna, nyuma ya kabati hamna. Mdogo wangu akaja, mhudumu akaja, mlinzi akaja, mpishi akaja na kipande cha samaki, wote wakaanza kuita nyau nyau na kugongagonga. Nikawaomba kwa heshima watoke. Paka aliyejificha kwa hofu hasikii jina lake, anasikia vishindo. Kila mtu anayeongezeka kumtafuta anamsogeza ndani zaidi.

Nikazima taa, nikakaa chini nikiegemea ukuta, nikala kitumbua cha Morogoro. Sikuita. Mlango niliacha umefungwa kwa funguo, na funguo nikazikalia. Baada ya muda mrefu kukatoka mkwaruzo kwenye meza ya kujitazamia kioo. Ilikuwa na droo tatu, zote zimefungwa, lakini nyuma haikuwa na ubao. Aliingilia nyuma akapanda akalala juu ya Biblia ya Gideoni kwenye droo ya juu. Sikuivuta. Nilimwaga dagaa kwenye kanga ndani ya kizimba, nikarudi kukaa. Alishuka kwa wakati wake, akala, nikasukuma komeo kwa kidole cha mguu.

Tuliondoka saa nne, tumechelewa, na mlinzi akasema yeye angeilaza ile meza kwa bega. Namwamini. Ndiyo maana sikumpa nafasi.

Barabara ya Mafinga ni misonobari ya Sao Hill pande zote mbili, kivuli kizuri, Tomi alikojolea kila mti aliopewa. Makambako upepo ulitaka kututoa mlango. Watoto wa stendi walikuja kumwona mbwa wa Dar, mmoja akanyoosha mkono moja kwa moja kichwani. Tomi si mkali, lakini mbwa aliyechoka, ugenini, kafungwa kamba, hana pa kukimbilia ila meno. Nikawaonesha wasimame, waache yeye anuse kwanza. Kadi ya chanjo ipo ndiyo, lakini aliyeng'atwa na mbwa yeyote huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Watoto wanayasikia haya vizuri kuliko wakubwa.

Makambako mpaka Njombe ni kama kilomita sitini. Tuliingia kwa mama mkwe jua linazama, ukungu unashuka.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, mama."

Akamtazama Tomi, manyoya mafupi ya Pwani yakitetemeka, akacheka mpaka akashika mlango.

Jumapili na siku zilizofuata, Njombe

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwisho wa Juni si mahali pa mbwa wa Tabata kulala sakafuni. Siku ya kwanza tumempa banda la mbao lililoinuliwa kutoka chini, mlango mdogo ukitazamana na ukuta, ndani majani makavu. Blanketi la zamani nilipeleka kwa fundi cherehani anishonee koti. Nilimpa vipimo, kifua, mgongo, akaandika bila kuinua kichwa. "Mikono mirefu au mifupi?" Nikamwambia yote minne mifupi. Hapo akainua kichwa.

Kuhusu Tomi sina la zaidi. Keshokutwa yake alikuwa amejua lango ni lipi, mbuzi ni wa nani, na mama mkwe hupita saa ngapi na maganda. Tumekubaliana mama asimtupie parachichi zenye kokwa, maana mbwa humeza kokwa nzima, na likikwama utumboni ni kisu.

Bi Mkubwa amefungiwa chumba kimoja. Nimeweka kizimba wazi, kanga, maji, beseni la mchanga wa Tabata ambao kila siku nautoa kidogo na kuchanganya udongo mwekundu wa hapa. Wiki mbili, ikibidi tatu, mpaka nyumba hii imwingie puani na awe anajua chakula kinatoka wapi.

Mama mkwe hakulipenda hilo. Ana ghala la mahindi, ana panya, na aliposikia paka anakuja alihesabu siku. "Mwanangu, paka wa kufungiwa chumbani anakula bure. Mwachie ghalani leo leo, ataona kazi."

"Mama, nikimwachia leo utamwona leo tu. Nipe wiki mbili."

Kulikuwa na jambo jingine ghalani. Nilipoingia kuangalia nilikuta kwenye pembe vifuniko vya chupa vyenye punje za rangi ya waridi: sumu ya panya. Paka si lazima aile. Panya aliyekula sumu hatembei vizuri, anakamatwa kirahisi, na paka akila panya huyo mara mbili tatu sumu inahamia kwake, naye anaanza kutoka damu puani au kwenye fizi baada ya siku kadhaa, wakati hakuna tena anayekumbuka ghala. Niliogopa kumwambia mama atoe kitu alichonunua kwa hela yake. Mume wangu akamwambia kwa Kibena, lugha ya kwao, sikuelewa yote, ila niliona vifuniko vinafukiwa shimoni nyuma ya migomba, na mimi nikafagia.

Wiki ya tatu nilimtoa Bi Mkubwa asubuhi kabla hajala, njaa ikiwa ndiyo kamba yake. Alisimama kizingitini muda mrefu, akanusa ukuta, akazunguka nyumba mara moja, akasikia bakuli, akarudi. Kesho yake muda mrefu zaidi. Siku ya nne hakurudi kwa bakuli, moyo ukanidunda, nikazunguka na picha yake mpaka kwa jirani.

Alikuwa jikoni kwa mama mkwe, kwenye lile jiko la kuni la nje, amelala juu ya gunia tupu karibu na mafiga, tumbo limetazama moto. Mama alikuwa anachambua maharage pembeni yake, na alishamwekea maziwa kwenye kifuniko cha sufuria. Ghalani hajakanyaga mpaka leo. Jumanne mama alimwagiza mume wangu mtego wa panya kutoka Makambako, ule wa chuma, mkubwa.